Kapelo za Nyanda za Juu: shajara ya mradi

Oktoba

Ninachora kapelo za timu ambazo hazipo. Kila kapelo ni ya mahali pamoja katika Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mbozi hadi Iringa, na kila moja ina mhusika wake wa kuchekesha: kima, jiwe, kiazi, kinyonga. Ligi hakuna, uwanja hakuna. Kilichopo ni mahali, na kitu ambacho mtu wa hapo akikiona juu ya paji la uso wa mwenzake stendi ya Nane Nane, Mbeya, atasema, "Huyu wa kwetu."

Sharti nimejiwekea moja. Kichekesho kitoke kwenye kitu cha kweli, na wenye kitu hicho wawe wa kwanza kukicheka. Kapelo inayomfurahisha mgeni huku mwenyeji anakunja uso haiingii mashineni.

Waliolifanya jambo hili likakomaa ni timu ndogo za baseball za Marekani, zile zilizo ngazi ya chini ya ligi kuu. Akron, Ohio, ulikuwa mji wa viwanda vya matairi, na tangu 2014 timu yake inaitwa Akron RubberDucks, mabata wa raba. Hartford wana Yard Goats, jina ambalo wafanyakazi wa reli walilipa kichwa kidogo cha treni kinachosogeza mabehewa stesheni. Kwenye kapelo yao yuko mbuzi anatafuna gongo la kuchezea. Montgomery, Alabama, wana Biscuits, na mhusika wao ni kitafunwa cha asubuhi chenye kipande cha siagi mahali pa ulimi. Nimezitazama kapelo hizo kwa muda mrefu na zote nimezikuta na mpangilio uleule: kwanza kuna kiwanda, kuna reli, kuna meza ya chai. Mzaha umekuja baadaye kukaa juu yake. Ndiyo maana naamini Mbeya na Iringa tunaweza, maana vya kuwekea mzaha tunavyo tele.

Kapelo yenyewe si ya zamani sana. Wachezaji wa Brooklyn Excelsiors walivaa kofia ya mviringo yenye mdomo wa mbele mnamo 1860, na hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa babu yake. Mnyama alifika 1901, Detroit Tigers walipomweka simbamarara mbele ya kofia zao.

Jambo la kujua kabla ya kuchora chochote: nafasi ni finyu. Kapelo ya vipande sita inakupa kimo cha sentimita sita hivi mbele, ukizidisha picha inaanza kulala kuelekea utosini. Herufi iliyo chini ya milimita tano inajaa uzi, inasomeka kama doa. Halafu katikati kabisa, pale unapotaka kuweka pua ya mhusika, unapita mshono unaounganisha vipande viwili vya mbele, na sindano ikiukanyaga huo mshono inateleza pembeni. Dada anayenidarizia Mwanjelwa alinipa kanuni yake siku ya kwanza, mkono mmoja ukiwa bado kwenye fremu: "Kaka, anza katikati uende pembeni, anza chini uende juu. Ukienda kinyume kitambaa kinajikusanya, hukinyooshi tena." Tangu hapo kila mchoro naupanga kwa njia ambayo sindano itapita.

Novemba: Kipunji

Wa kwanza ni kipunji, kima wa misitu ya huku, kwa sababu hakuna mji mwingine duniani wenye haki naye kuliko Tukuyu. Wanyakyusa wa kandokando ya Mlima Rungwe walikuwa wakimtaja. Sayansi ilimfikia 2003, watafiti wa shirika la uhifadhi wa wanyamapori, WCS, wakiongozwa na Tim Davenport walipofuata masimulizi ya wenyeji hadi msituni. Mwaka 2005 alitangazwa, na 2006 ikaonekana hana jenasi ya kuingizwa, akapewa yake mwenyewe: Rungwecebus. Jenasi mpya ya kima wa Afrika ilikuwa haijapatikana tangu 1923. Anaishi sehemu mbili tu, misitu ya Rungwe na Kitulo kwa upande huu na Ndundulu kule Udzungwa, na hesabu iliyochapishwa 2008 ilimpata kwenye 1,100 na kidogo. Mnyama wa namna hiyo hastahili kuchorwa ovyoovyo.

Alama yake ni kishungi. Nywele za utosini zimesimama wima, uso mweusi, manyoya marefu ya kahawia. Kwa hiyo nimemkalisha kinyozi. Amefungwa kitambaa shingoni, macho yametulia kabisa, na nyuma ya kapelo, juu ya kamba ya kubana, pameandikwa: JUU USIGUSE. Kila kijana aliyewahi kukaa kwenye kiti cha kinyozi amewahi kuisema hiyo sentensi, na kipunji ndiye mwenye sababu nzuri kuliko wote.

Kishungi ndicho kilichokula muda. Nilitaka kiinuke kweli, mtu akipitisha kidole akisikie. Hapo unatandika sponji juu ya kitambaa, mashine inashona mishono mirefu iliyobanana juu yake, sindano inaitoboa sponji pembezoni mpaka inakatika yenyewe, unabandua ziada. Vinyuzi vya sponji vinavyochungulia unavipulizia hewa ya moto, vinanywea. Lakini kishungi kinakaa palepale penye mshono wa katikati. Tulichofanya ni kukigawa: shada moja la nywele linaegemea kushoto, jingine kulia, na mshono wa kapelo umekuwa njia ya kati, kama imechanwa na kitana. Dada alipouona alisema sasa kinyozi amefanya kazi. Naupenda uamuzi huu kuliko yote ya mradi mpaka leo, kwa sababu kasoro ya kofia imegeuka sehemu ya mnyama.

Rangi ya kofia ni kijani cha msitu kilichofifia. Zambarau niliiacha mapema, maana hapa Mbeya ukivaa zambarau watu wanasema Mbeya City, na timu ya kufikirika haifai kuvaa jezi ya timu iliyopo.

Desemba: Kimondo

Kimondo cha Mbozi kiko Ndolezi, sasa ni mkoa wa Songwe. Karibu mita tatu kwa urefu, uzito hukadiriwa tani 16, chuma takriban 90 kwa mia na nikeli zaidi ya nane. Wenyeji walikijua muda mrefu kabla ya mwaka 1930, ambao ndio vitabu vinautaja kuwa mwaka wa kugunduliwa. Kilikuwa kimezikwa, sehemu ya juu tu ikionekana. Wakachimba kukizunguka, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, baadaye wakaijengea zege. Ndiyo maana leo unakikuta kimekaa juu ya kiti chake.

Kinachonivuta zaidi ni kwamba hakuna shimo la kishindo. Tani 16 zimetoka mbinguni, ukitafuta alama ya kuanguka huioni. Zimeingia kama mgeni aliyevua viatu mlangoni. Basi hicho ndicho nilichokichora: kimondo kimekaa kitako kwenye kiti chake, kimeshika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili, na viatu vyake viwili vimeachwa kwenye mdomo wa kapelo vikifuka moshi. Kahawa si pambo. Mbozi ni nchi ya kahawa, na mgeni akifika lazima apewe kitu mkononi.

Uso wa jiwe una vishimo vishimo, na vishimo vinataka kivuli. Uzi wa kumetameta ungependeza, lakini unakatika mashine ikienda kasi. Tumetumia poliesta ya kijivu ya aina tatu, na ule wa kumetameta tumeuweka kwenye kingo tu, mashine ikitembezwa polepole. Kipande cha jiwe kiliwahi kukatwa kwa uchunguzi. Hapo nimekibandika plasta ndogo. Mzee mmoja wa Vwawa niliyemwonyesha karatasi alicheka viatu, halafu akasema hiyo plasta ni haki yake.

Januari: Kitulo

Kitulo ilikuwa rahisi, au niseme ilinijia nzima. Nyanda ile iko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na watu wanaiita Bustani ya Mungu. Maua yake huanza mvua zikishika, Novemba kuelekea Aprili, na humo mna okidi za ardhini aina 45. Lakini mtu akipanda kutoka Isyonje asubuhi anachokikuta kwanza ni ukungu. Unatembea huoni kitu, kisha unainama kufunga kamba ya kiatu na miguuni pako kuna rangi ya chungwa, njano, zambarau iliyopauka.

Kapelo ya Kitulo kwa nje ni ya kijivu tupu, haina mchoro wowote. Maua yote yako chini ya mdomo. Anayeivaa akiinua macho anayaona yeye. Anayekutana naye anaona ukungu. Ukitaka kumwonyesha mwenzako, unamvulia kofia.

Okidi moja nimeichora na mizizi yake, kiazi kidogo kimekumbatiwa na majani. Viazi vya okidi vimechimbwa sana nyanda hizi na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hupikwa chikanda, na uchimbaji huo ndio uliotia okidi za Kitulo hatarini. Sikuweka maneno. Anayejua ataiona.

Februari: Lumbesa

Hapa nitakaa kidogo.

Nyanda za Juu ndiko viazi mviringo vinakotoka kwa wingi: Njombe, Makete, Uporoto. Timu ya viazi lazima iwepo. Na ukisema viazi kwa mkulima wa huku, neno la pili ni lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, halafu juu yake linafumiwa kamba na kuongezewa kichuguu kingine cha viazi, na lote linahesabiwa gunia moja. Sheria ya vipimo inalikataza, kifungashio hakitakiwi kuzidi kilo 100, na bado malori yanapita barabara ya Tukuyu magunia yakiwa na vichwa.

Umbo la lumbesa na umbo la kapelo ni ndugu. Utosi wa mviringo juu, mshono chini. Nilichora kapelo iwe gunia lenyewe: kitambaa rangi ya gunia, kamba ya darizi ikipita msalaba msalaba utosini, kile kifungo cha juu kimegeuzwa kiazi chenye macho na tabasamu. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri sana. Nikaipeleka Isyonje, pale barabara ya Kitulo inapochepuka, kwa mama mmoja anayelima viazi Uporoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unanunua?"

Nikamweleza. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaichukua karatasi, akaitazama muda mrefu akiigeuza.

"Sasa hapa unamcheka nani?"

"Naicheka lumbesa, mama."

"Lumbesa haina macho ikaona aibu. Wewe umempa macho huyu wa juu, na anacheka. Anacheka nini?" Akaweka kidole kwenye kichuguu. "Hiki hapa ni ada ya mtoto. Kinapanda gari bure."

Sina cha kuongeza kwenye maneno yake. Nilirudi na karatasi, na kwa juma zima kazi nyingine zote zikasimama, kwa sababu sharti la Oktoba lilikuwa limetimiza kazi yake mbele ya macho yangu. Mzaha ulikuwa sahihi kwa umbo, ila ulikuwa umekaa upande wa dalali.

Mchoro wa sasa umeanza upya kutoka kidole chake. Gunia lipo, kamba ipo, lakini utosi uko wazi na viazi vinateremka. Vinashuka kimoja kimoja kwa kamba kutoka kileleni, vinapita kwenye vipande vya pembeni, vinazunguka kuelekea nyuma, kila kimoja na mzigo wake mdogo kichwani. Vinarudi nyumbani. Nyuma, juu ya kamba ya kubana: KILO 100 TU. Mbele hakuna kiazi hata kimoja, limebaki gunia lililojaa kihalali, limetulia, mdomo wake umefungwa vizuri.

Nilipompelekea huo aliuangalia, akawaita wenzake wawili waliokuwa wanachambua viazi pembeni. Wakacheka wote watatu, kila mmoja akionyesha kiazi chake. Mmoja akasema kile cha mwisho kivalishwe kitenge, kwa sababu ni lazima awe mama, ndiye anayehakikisha wote wametoka. Kimevalishwa. Yule mama mwenyewe alikuwa na neno moja tu: kamba niliyoichora ni nyeupe, wao wanafumia ya buluu.

Machi: Iringa

Iringa nilijua ninataka jiwe la Gangilonga, lile lililo juu ya mji, ambalo wenyeji husimulia kwamba Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa akienda kutafakari hapo na jiwe likamwonya kuhusu ujio wa Wajerumani. Jiwe linaloongea linataka mdomo, na kapelo ina mdomo tayari. Vipande vya mbele ni uso wa jiwe, kijivu chenye mabaka ya kuvu, macho mawili mazito ya mzee anayekujua. Mdomo wa kapelo ndio mdomo wake. Chini ya mdomo, mahali ambapo mvaaji ndiye anayeona, limeandikwa neno moja, KAMWENE, maana hata jiwe la Uheheni likikutana nawe litaanza na salamu.

Rafiki zangu wawili walipendekeza fuvu. Wanasema fuvu kwenye kapelo linauzika kila mahali. Hapa haliuziki. Mkwawa aliwapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891, akapigana nao miaka mingine hadi kifo chake 1898, kichwa chake kikachukuliwa, kikatajwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na kilirudi 1954. Kipo Kalenga, kwenye jumba la makumbusho, na watu wanavua kofia wakiingia kukiona. Sharti langu linasema wenye kitu wawe wa kwanza kukicheka, na hiki wenyewe hawakicheki. Nimeandika hapa ili nisiulizwe tena.

Isimila, ya hukohuko Iringa, inasubiri. Nguzo zile za udongo zilizochongwa na mvua nazitaka, na zana za mawe za watu wa kale pia, lakini bado sijapata mhusika. Nguzo peke yake haina tabia.

Aprili: Kinyonga, na mashine

Milima ya Poroto ina kinyonga wake, mwenye pembe tatu usoni, asiyepatikana nje ya Tanzania. Watu wengi huku wanamwogopa kinyonga, na hofu hiyo nimeiheshimu: sikumweka mbele akakutumbulia macho. Yuko kipande cha pembeni, kulia, anatembea kuelekea nyuma kwa mwendo wake. Jicho lake ni kile kitobo cha hewa cha kapelo. Kitobo kina ukingo wa uzi wa mviringo tayari, na jicho la kinyonga ni mviringo uliotokeza wenye tundu dogo katikati. Kilichobaki ilikuwa kuchora mnyama kukizunguka.

Kwa kapelo tupu za kununua Kariakoo jambo hili halifanyiki vizuri, fremu haifiki karibu na kitobo bila kukunja kitambaa. Hii inashonwa hapahapa: fundi anakata vipande sita, dada anadarizi kipande cha kulia kikiwa bado bapa, kitobo kinatobolewa baada ya darizi, ndipo vinaunganishwa. Inagharimu zaidi na inachelewa. Kinyonga anastahili.

Hali ilivyo leo: Kipunji na Kimondo sampuli zake zimekubaliwa. Kitulo inangoja kitambaa cha kijivu ambacho si cha sare ya shule. Gangilonga macho yake bado yana mishono mirefu mno. Mshono ukizidi milimita kumi hivi unanaswa na kila kitu, kwa hiyo kila jicho linagawanywa safu mbili. Kinyonga yuko kwa fundi.

Lumbesa inatangulia mashineni, Jumatatu. Uzi wa gunia ni rangi ya mkonge, viazi vya nyuma kahawia mbili, kitenge cha kiazi cha mwisho ni nyekundu na njano. Faili la kamba limebadilishwa: buluu.